Mapazia ya Chumba cha Sauti

Mtaani walimwita Bi Kimya. Si kwamba hakuwa msemaji, maana kwa maneno alikuwa hashindwi na kasuku, ila kila aliyeingia studio yake alipokewa na neno lilelile: "Kimya kidogo." Studio yenyewe ilikuwa chumba kimoja nyuma ya nyumba ambayo yeye na dada yake waliachiwa na wazazi. Mlikuwa na kompyuta, spika mbili, hedifoni zilizochubuka ngozi, na maikrofoni mbili. Moja ilikuwa ya zamani, ya chuma, imegongwagongwa majukwaani hadi ikabonyea kichwani. Hiyo ilisikia cha karibu tu, kama mzee anayetaka umsemee sikioni. Ya pili aliinunua juzijuzi, nayo ilikuwa na sikio la mbea. Ilinasa pumzi, ilinasa mate yakimezwa, ilinasa hata kuku wa jirani akijisifia yai lake.

Kuku huyo ndiye aliyeanzisha mambo. Kuta zilikuwa tupu, sauti inagonga na kurudi, dirisha halizuii kitu. Mwimbaji mmoja wa kwaya alipelekewa wimbo wake nyumbani, akamkuta kuku katikati ya ubeti wa toba. Bi Kimya akaona sasa yamemfika shingoni. Akaenda kwa dada yake, fundi cherehani, akamwomba amshonee mapazia mazito ya kuzunguka chumba kizima.

Dada alikuwa amempita kwa miaka mingi, na zamani alikuwa mwimbaji wa bendi. Akishika wimbo, wachezaji walisahau kucheza, wakabaki wameshikana tu. Kisha akaota uvimbe kooni, akapasuliwa, akapona. Lakini sauti iliyotoka hospitali haikuwa ile iliyoingia. Ilikuwa nzito, ina mkwaruzo, kama mlango uliovimba kwa mvua. Dada aliisikiliza siku moja, akaifungia. Tangu hapo hata misibani, watu wakianza wimbo, yeye alichezesha midomo tu. Ukimgusia habari hiyo alikujibu kwamba uvimbe na sauti vilitupwa kwenye ndoo moja, na cherehani ikaendelea kukimbia.

Mapazia yalikuwa hayabebeki kwa uzito, kwa hiyo alikuja na cherehani yake akashonea mlemle chumbani: blanketi kuukuu nyuma, pamba katikati, kitambaa cha zambarau mbele. Kila pazia lililopanda ukutani, mtaa ulirudi nyuma kidogo. Kwanza zilipotea pikipiki. Wakafuata watoto wanaotoka shule. Mwisho akapotea kuku na majigambo yake. Alasiri lilipotundikwa pazia la mwisho, chumba kilikuwa kama chini ya kisima. Mwanga ulikuwa wa zambarau, hewa imelala, na neno likitoka mdomoni lilidondoka miguuni pa msemaji lisiende popote. Dada alisimama katikati, akasema kwa sauti ya chini kwamba anasikia damu yake ikitembea.

Bi Kimya alitaka kuupima ukimya huo. Akaiwasha maikrofoni mpya, akabonyeza kurekodi, akamwomba dada atulie. Mara simu ikamtetemeka mfukoni: jirani yuko mlango wa mbele. Akatoka kumsikiliza, na jirani huyo hakuwa mtu wa maneno mawili. Aliporudi alimkuta dada ameketi sakafuni, anakata nyuzi zilizobaki kwenye pindo, macho yako mbali. Dada akanyanyuka, akaenda jikoni kubandika chai.

Hapo ndipo Bi Kimya aliposimamisha kurekodi, akavaa hedifoni kusikiliza. Kwanza hapakuwa na kitu ila ukimya, ule ukimya laini alioutamani siku zote. Ukaja mlio wa mkasi. Kisha, chini ya mlio huo, sauti ikaanza kuimba bila maneno, taratibu, kama mtu anayembembeleza mtoto aliyekwisha kulala. Alijua dada hakukubali kunaswa, na alijua pia kwamba angeweza kuifuta na hakuna ambaye angejua. Lakini dada ni dada. Akamwita, akamvisha hedifoni masikioni.

Dada alisikiliza amesimama. Uso wake ukalegea.

"Mama ulimrekodi lini?" aliuliza.

Mama yao alikuwa amefariki miaka mingi nyuma, na hakuna aliyewahi kumrekodi. Aliimba akifua tu, tena akijidhani yuko peke yake.

"Si mama," alisema Bi Kimya. "Ni wewe, dada. Ni sasa hivi."

Dada alizivua hedifoni, akachungulia ndani yake kama anayemtafuta mtu. Akazivaa tena, akasikiliza tangu mwanzo, na safari hii machozi yalimtoka asiyafute. Wimbo ulipokwisha akasema, "Ifute."

Bi Kimya aliifuta palepale mbele yake. Moyo ulimuuma kama anayezika mtu aliye hai, lakini hakubisha. Dada akakitazama kioo cha kompyuta kilichobaki kitupu.

"Ile niliiimba nikiwa peke yangu, haikuwa ya kusikiwa na mtu," alisema. "Sasa washa, mdogo wangu. Ila si huyo mbea. Niletee yule kiziwi."

Akaisogeza maikrofoni ya chuma hadi ikakaribia kumgusa midomo. Alianza wimbo wa enzi za bendi kule juu alikozoea, sauti ikamkatikia. Akacheka, akashuka, akaanza upya chini kabisa, mahali ambapo zamani alikuwa hafiki. Bi Kimya alifumba macho. Alihisi yuko uani, mdogo, mgongo umeegemea beseni lenye joto la jua, maji yanamwagika mahali fulani nyuma yake, na hakuna anayemwita.

Kabla mvua za msimu hazijakatika walikuwa wamerekodi nyimbo tano. Mjomba wao, kaka wa marehemu mama yao, alipozisikia hakuuliza ni nani anayeimba. Aliomba aachiwe chumba, akakaa humo hadi chai yake ikapoa. Wanabendi wa zamani nao walikuja kumwita dada arudi jukwaani, akawashukuru, akawakatalia bila kinyongo.

Jukwaa hakulitaka tena. Lakini kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana anakuja, anavua viatu mlangoni, anaingia. Siku nyingine anaimba. Siku nyingine anajilaza tu sakafuni, mdogo wake naye anajilaza pembeni, na usingizi unawachukua wote wawili huku wateja wakibisha nje.