Siku Kufuli Aliporudi Golini

Sukari ilianza na macho ya Kufuli, ikayamaliza, kisha ikashukia mguu wa kushoto. Daktari alieleza kwa upole kwamba mguu utakatwa Jumatatu, chini ya goti, na kwamba ni afadhali uende mguu kuliko aende mwenye mguu. Kufuli alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, halafu akauliza swali moja tu.

"Jumamosi nitakuwa nao bado?"

Daktari hakuelewa. Binti yake Kufuli, aliyekuwa amekaa pembeni ameshika kibegi cha dawa, alielewa vizuri sana. Jumamosi timu ilikuwa inacheza nyumbani. Katibu wa klabu alikuwa ameahidi siku nyingi kwamba wakati wa mapumziko watamwita golikipa wao wa zamani katikati ya uwanja, wampe ngao mbele ya watu. Katibu huyo alikuwa mwepesi wa kuahidi kama wengine walivyo wepesi wa kupiga chafya, lakini ahadi hii alikuwa ameamua kuitimiza sasa, baada ya kusikia habari za mguu.

"Ngao siitaki," Kufuli alimwambia binti yake ndani ya teksi. "Nitaitundika wapi, na nitaitazama kwa macho yapi? Nataka nisimame golini mara moja kwa miguu yangu yote miwili, niwasikie watu. Basi. Nikishawasikia, wakate wanavyotaka."

Kuwasikia watu ndilo lililokuwa gumu. Enzi zake, jukwaa lote la mashariki lilikuwa likisimama na kuliita jina lake kwa vipande, Ku! Fu! Li!, huku miguu ikikanyaga zege mpaka wauza maji wakashindwa kusikia wanachoagizwa. Kwa Kufuli, uwanja ulikuwa bado ni ule ule. Tangu macho yamwishie alifuatilia mpira redioni, na redio, kama tujuavyo, haijawahi kuona uwanja mtupu. Kila Jumamosi ilimwambia kwamba mashabiki wamefurika, pa kutia mguu hakuna, naye aliamini kwa sababu hakuwa na namna ya kutoamini.

Aliyekuwa na namna ni binti yake. Siku za kazi alipokea simu katika ofisi ya maji, na Jumamosi alikuwa mtangazaji wa uwanja huo huo, ndiye aliyesoma majina ya wachezaji kwenye kipaza sauti. Alijua kwamba anavisomea viti vitupu. Mara nyingi alitaka kumweleza baba yake, na mara zote alimkuta ameegemeza sikio kwenye redio anatabasamu, akameza maneno.

Kwa hiyo Alhamisi, alipotoka kazini, alikwenda kwa mjomba wake, kaka wa marehemu mama yake. Mjomba ndiye aliyekuwa koo la jukwaa la mashariki. Yeye alianzisha, wengine wakapokea. Siku hizi alikuwa na ukumbi wa kuonyesha mpira nyuma ya karakana ya seremala: mabenchi, feni mbili za ukutani, televisheni pana kama mlango, na dirisha la kuuzia soda.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mama! Umechoka na ule mpira wenu wa kubutua, umekuja kutazama mpira wenyewe?"

Watu wakacheka, na binti akawatambua. Alikuwepo dereva wa lori aliyekuwa akipuliza tarumbeta. Alikuwepo mama muuza mkaa, ambaye zamani refa yeyote aliyefika mjini alishamfahamu kwa sauti kabla hajafungua begi. Alikuwepo fundi cherehani aliyeshona bendera. Hata kukaa walikaa vile vile, tarumbeta juu kushoto, mama muuza mkaa mbele. Jukwaa la mashariki halikuwa limekufa. Lilikuwa limehama.

"Kwani uwanja umewakosea nini?" akauliza.

Loo, alikuwa amewachokoza.

"Mechi saa saba mchana, jua la utosini!" dereva alianza. "Eti televisheni ndiyo imetaka saa hiyo. Sasa kama ni televisheni inayotaka, si iende ikakae yenyewe juani?"

"Getini napekuliwa mpaka ndani ya kilemba," akasema mama muuza mkaa. "Mtu mzima mimi. Halafu mnafungua geti moja, watu wa mji mzima tunasukumana kama tunakimbia moto. Mwaka ule nilitoka pale na kiatu kimoja, nikashukuru Mungu kwamba nimetoka na mbavu."

"Na choo je?" fundi cherehani akauliza.

"Choo kipi?" dereva akamjibu, na ukumbi mzima ukaangua kicheko.

"Umewasikia wenzako," mjomba akasema. "Tena mchezaji tukimpenda tu, anauzwa. Hapa napepewa na feni, nimekaa, na nikimtukana refa hasikii. Uwanjani nifuate nini, mama?"

Binti hakucheka. Walikuwa wanasema kweli tupu. Akawaambia habari za mguu, na kwamba ni Jumatatu, na jambo ambalo baba yake analitaka kabla ya hiyo Jumatatu. Mjomba alinyoosha mkono akaizima sauti ya televisheni, na hakuna aliyelalamika.

"Shemeji yangu?" akasema. "Akatwe? Kufuli huyu huyu?"

"Ndiyo, mjomba."

"Basi Jumamosi hapa sifungui. Unasikia? Hawa wote nawabeba, atakaye na asiyetaka. Tunakuja na tarumbeta letu." Alisimama, akajaribu kuita, "Ku! Fu!", na kikohozi kikamkamata kabla hajafika mwisho. Wenzake wakampigapiga mgongoni wakicheka, naye machozi yalikuwa yamemlengalenga, na si ya kikohozi.

Binti alirudi nyumbani mwepesi. Wala mjomba hakuwa amedanganya. Siku ile alimaanisha kila neno alilolitamka, na mtu akitaka kumlaumu amlaumu kwa mengine.

Jumamosi binti alimvalisha baba yake jezi yake ya zamani ya golikipa, ya kijani. Ilimpwaya mabegani kama imetundikwa kwenye msumari. Mguu mzima aliuvika kiatu, ule mwingine ukabaki kwenye ndala juu ya bandeji. Alimkalisha na katibu kwenye njia ya kutokea wachezaji, akapanda ngazi kwenda kwenye chumba chake cha matangazo, akasogea kwenye kioo.

Jukwaa la mashariki lilikuwa zege na jua. Chini yake, askari walioletwa kulinda watu walikuwa wengi kuliko watu. Wake wa wachezaji walikaa kwenye kivuli cha upande wa pili wakiwa na miavuli, na muuza maji alikuwa ameketi juu ya ndoo yake anayanywa mwenyewe.

Alisubiri. Kipindi cha kwanza kikaanza, kikaenda, kikakaribia mwisho, na macho yake hayakuwa kwenye mpira bali getini. Akashindwa, akampigia mjomba simu. Simu iliita sana, na ilipopokelewa, kitu cha kwanza kumfikia sikioni ni kelele za watu, kelele nzito zenye tarumbeta ndani yake.

"Mama, tunakuja!" mjomba alipiga kelele. "Tumefungua kidogo tu watu waone mwanzo, sasa wamesawazisha huku, hapa hakuna anayeweza kunyanyuka! Zikiisha hizi dakika tu, tuko njiani!"

Nyuma yake mama muuza mkaa alikuwa anamtukana refa wa nchi ya mbali, refa asiyejua hata kwamba kuna mkaa duniani. Binti alikata simu. Hasira ilimjaa, na chini ya hasira kulikuwa na huzuni ambayo hakutaka kuigusa, kwa sababu sauti alizokuwa akizitafuta kwa ajili ya baba yake zilikuwepo, zilikuwa hai, zilikuwa mwendo wa miguu tu kutoka pale.

Chini, katibu alikuwa anampungia mkono. Baba yake alikuwa amesimama tayari, ameinua kichwa, anasikiliza.

"Ile kanda ya fainali ya enzi za baba, yenye kelele za jukwaa, bado unayo?" akamuuliza fundi wa spika, mtu mkimya aliyefanya naye kazi chumba kimoja.

"Niliihamishia kwenye simu."

"Iweke."

Fundi alitazama chini, akamwona mzee. "Dada, huo ni uongo."

"Najua ni uongo. Iweke."

Kipyenga cha mapumziko kikalia. Binti akashika kipaza sauti, akamtangaza baba yake, na spika zote za uwanja zikafunguka. Jukwaa la mashariki likaja kutoka miaka ya nyuma. Mbele ya sauti zote ilikuwepo ya mjomba, ya ujana, imenyooka, inaanzisha, na maelfu wanapokea: Ku! Fu! Li!

Wake wa wachezaji wakageuka kutafuta watu wako wapi. Askari mmoja akasimama kwa kushtuka. Lakini Kufuli alikuwa ameshaanza kutembea. Nahodha wa timu alimshika mkono, naye alichechemea juu ya nyasi, anacheka, mdomo wazi, machozi yanamtiririka mpaka kwenye kola ya jezi. Alipofikishwa golini aliugusa mwamba wa kulia kwa kiganja, akaenda akagusa wa kushoto, akarudi katikati bila kushikwa. Binti yake, kule juu, alilia kwa furaha na aibu pamoja, na kwa dakika ile hakujuta.

Kisha Kufuli akafanya jambo ambalo halikupangwa. Alimwomba nahodha mpira.

"Weka kwenye penalti," alisema, na kipaza sauti cha katibu, aliyekuwa amewafuata nyuma, kikalinasa neno. "Piga."

Nahodha aliuweka mpira, akarudi nyuma. Alikusudia kumpigia kifuani, polepole, kama unavyomrushia mtoto. Kufuli aliinama, akafungua mikono, akainua uso kidogo akisubiri kitu.

Hapo ndipo binti alipokumbuka. Mpira ukiwekwa kwenye penalti, watu hunyamaza. Hakuna anayewaambia. Uwanja mzima hukata pumzi mara moja, na golikipa huusikia mguu wa mpigaji ukigusa nyasi. Mtangazaji wa uwanja alipaswa kulijua hilo kuliko jina lake, lakini alikuwa ameishi na viti kwa miaka mingi mno, akasahau watu wanavyokuwa.

"Zima!" akamwambia fundi, lakini nahodha alikuwa ameshapiga.

Jukwaa liliendelea kuimba. Mpira ulimgonga Kufuli kifuani, akaukumbatia, na jukwaa likaendelea kuimba vile vile, halikupanda wala halikushuka. Ameokoa penalti na ni kama hakuna aliyeiona. Kufuli alibaki ameinama na mpira wake, kichwa kimelala upande, anasikiliza. Kicheko kilimtoka usoni taratibu. Halafu, kitu kilichomuumiza binti yake kuliko vyote, alinyooka, akaligeukia jukwaa la mashariki, akainua mkono na kuwapungia.

Teksi ilikuwa imewafikisha karibu na nyumbani.

"Walijaa," Kufuli akasema.

"Walijaa, baba."

"Na jua lote lile."

"Ndiyo, baba."

Akamshika mkono, akaubana, na hakuuachia mpaka gari liliposimama mlangoni.

Jumapili baada ya chakula cha mchana mjomba alifika, amevaa shati la kutokea, na mfuko wa machungwa mkononi. Alikaa kwenye ukingo wa kiti kama mtu aliyekuja kuposa. Binti alimsalimia kwa sababu ya malezi tu, akaingia jikoni kuchukua chai. Aliporudi na sinia, mjomba alikuwa anasafisha koo.

"Shemeji, hiyo jana..."

"Jana nilikusikia," Kufuli akamkatiza.

Mjomba alimtazama binti. Binti alitazama vikombe.

"Sauti yako haijazeeka hata kidogo," Kufuli akaendelea. "Mimi nimezeeka. Macho yamekwenda, mguu unakwenda, dada yako ametutoka. Sauti yako tu ndiyo ile ile. Nilishangaa sana."

Kilichomtoka mjomba kilikuwa sauti ya mzee anayekohoa, ya mikwaruzo. "Nilikuwepo, shemeji."

"Najua. Si nimekwambia nilikusikia?" Kufuli alipapasa hewani mpaka akaupata mkono wake, akauweka juu ya goti la mguu wa kushoto. "Kesho asubuhi wanaukata huu. Ninaogopa. Sijamwambia mtu kwamba ninaogopa. Utakuja hospitali?"

"Nitakuja."

"Safari hii uje mwenyewe."

Machungwa yalimponyoka mjomba mkononi, yakatawanyika chini ya viti. Hakuyaokota. Aliinama mpaka paji la uso likagusa ule mkono wa Kufuli uliokuwa juu ya wake, akalia kwa kwikwi mbele ya mtoto wa dada yake, na Kufuli akamwacha alie, huku ameuelekeza uso mlangoni kana kwamba kuna watu wengine aliotazamia kuwasikia wakiingia.