Gambuti Zilizoutazama Mfereji

Saa tisa na dakika arobaini alasiri, tarehe kumi na moja Februari, viatu vya mama vilikuwa mahali pake mlangoni. Vya turubai, rangi ya kijivu, na kwenye kila kisigino kibandiko cha rangi ya chungwa chenye namba 0317. Kwetu mtu haingii ndani na viatu wala hatoki bila viatu, kwa hiyo ukitaka kujua nani yumo nyumbani hutazami vyumba, unatazama sakafu ya mlangoni. Nilitazama, nikaendelea kukunja nguo.

Saa kumi na dakika tano nilimpelekea chai. Chumba kilikuwa kitupu, koti lake limening'inia kwenye msumari. Nilirudi mlangoni na safari hii nikahesabu viatu vyote. Zilikosekana gambuti za baba, ambazo hakuna aliyezigusa tangu alipofariki miaka sita iliyopita.

Mama alikuwa na miaka themanini na mmoja, na ugonjwa wa kusahau ulikuwa katika mwaka wake wa tatu. Amevaa sweta tu. Jua lingezama saa kumi na moja na dakika ishirini na mbili, na utabiri ulisema theluji, nyuzi mbili chini ya sifuri ifikapo saa moja.

Nilijua la kufanya kuliko mtu yeyote mjini, kwa sababu sheria ndogo ya wanaopotea niliiandika mimi, nikiwa ofisa wa idara ya wazee. Madiwani waliipitisha Oktoba. Familia ikipiga simu, tangazo litoke kwenye vipaza sauti vya mji ndani ya dakika ishirini, wajitolea watoke, visigino vitazamwe kama vina kibandiko cha namba ambacho idara huwapa wazee wanaosahau. Rasimu yangu ilikuwa na kifungu cha tisa: mtafutaji aruhusiwe kufungua banda au ghala lisilo na kufuli. Diwani mmoja alisimama, akasema, "Dada Hisae, leo tunamtafuta nyanya. Kesho kila kibaka nitakayemkuta ghalani kwangu ataniambia anamtafuta nyanya yake." Ukumbi ukacheka. Nilikifuta mwenyewe kwa kalamu nyekundu, ili vingine vipite.

Nilipiga simu, na saa kumi na dakika ishirini na sita vipaza sauti vilitaja umri, sweta ya zambarau, gambuti nyeusi za kiume. Namba hawakuitaja. Gambuti hazikuwa na kibandiko.

Nilimkuta Mzee Nagumo darajani. Ni dereva wa teksi mstaafu na kiongozi wa wajitolea wa mtaa wetu.

"Wamemwona dukani kwa Obata," alisema. "Saa kumi kasoro dakika tano. Kamwinamia mwenye duka vizuri kabisa, kasema anaenda kumsalimu mtu."

"Na akamwacha aende?"

"Kwa adabu ile? Mimi ningemfungulia mlango wa teksi."

"Mtu gani?"

"Hakumtaja. Usinitolee macho, dada. Nimetazama visigino mpaka shingo imepinda. Mji mzima leo umevaa gambuti, na hakuna hata mmoja mwenye namba yako."

Saa kumi na moja na dakika arobaini, kwa mwanga wa tochi, gambuti za baba zilionekana. Zilikuwa kando ya mfereji wa mashamba, kwenye njia ya saruji ambayo haifiki upana wa mita moja: upande huu maji, upande ule banda la pampu. Zimepangwa pamoja, kisigino kwa kisigino, ncha zikiutazama mfereji. Theluji ilikuwa imeanza kuingia ndani yake. Afande Shiraishi alivua kofia, halafu akaona ninamtazama, akaivaa tena.

"Dada, rudi nyuma tafadhali."

Kina cha mfereji ni mita moja na nusu, na maji yake yana kasi. Zimamoto walishusha fito. Nilizihesabu: nne. Kila moja ilipogusa kitu chini, mtu aliyeishika aliacha kusukuma, na wenzake wote wakamgeukia. Mara ya kwanza lilikuwa tairi. Mara ya pili sikutazama fito, nilitazama gambuti.

Mgeni akivua viatu huvigeuza ncha zitazame nje, visigino vielekee nyumba, ili akiondoka avivae bila usumbufu. Mama alinifundisha hivyo nikiwa na miaka minne, kwa kunichapa vidole. Gambuti zilikuwa zimegeuzwa. Nje ni mfereji, basi nyumba ni ile iliyo nyuma yake.

"Mzee Nagumo, hili banda mlilifungua?"

Alilimulika banda kwa tochi. "Tulipita saa kumi na moja na dakika kumi, upande wa barabara. Huku hatukufika. Nikagonga mbao za ukuta. Kimya."

"Lina kufuli?"

"Halina. Mlango wa kusukuma tu." Alishusha tochi. "Lakini ni la chama cha wakulima. Si wewe ulitusomesha, dada? Cha mtu hakifunguliwi mpaka mwenyewe aje."

Tangu alipogonga zilikuwa zimepita dakika thelathini na nane. Nilisukuma mlango.

Mama alikuwa amepiga magoti kando ya pampu, mgongo wima, mikono juu ya mapaja, kama mtu aliyeambiwa asubiri sebuleni. Soksi zilikuwa zimelowa. Midomo ilikuwa ya bluu. Hakuwa akitetemeka, na kwa kazi yangu najua maana ya mtu aliyeshikwa na baridi kuacha kutetemeka: mwili umeanza kushindwa.

"Afande! Yuko huku!" Nagumo alipiga kelele. "Toeni hizo fito! Yuko huku!"

Nilimfunika kwa koti langu, nikamwita. Alinitazama kama mtu anayemheshimu mtu asiyemjua. Maneno yalitoka polepole, moja moja.

"Mwenye nyumba hayupo. Nilipiga hodi."

"Mama, kuna mtu aligonga. Hukumsikia?"

"Nilimsikia." Alifumba macho. "Si nyumba yangu. Ningeitikaje?"

Saa kumi na mbili na dakika tisa, mhudumu wa gari la wagonjwa alisoma kipimajoto kwa sauti: nyuzi thelathini nukta sita. Mwenzake aliandika namba hiyo juu ya glavu yake, akafunga mlango wa nyuma, na gari likaondoka.