Albamu Tatu za Mjomba na Salamu ya Ishirini

7.

(Ndiyo, tunaanzia saba. Moja hadi sita nilikuwa natafuta sindano ya santuri.)

TANGAZO LA UONGOZI
SINGA FM, TANGA
Kipindi cha "Panki ya Mjomba", kinachoendeshwa na Bi. Mwanakombo Sempombe, kimechukua saa ya salamu tangu Machi bila kupokea salamu yoyote. Jumamosi hii kisipopata salamu ishirini kabla ya saa tano kamili asubuhi, kitafutwa. Salamu ni ile inayomsalimu mtu.
Bw. Kilua, Meneja

8.

Mwanakombo ndiye mimi. Kama umenizidi umri, shikamoo. Kama hujanizidi, mambo.

9. ALBAMU ZA KUSIKIA KABLA HUJAOA

Majalada yameliwa na mende. Majina kayatunga Mjomba Mwinjuma, baharia mstaafu, aliyezinunua Ulaya miaka ile panki, muziki wa magitaa na makelele, ilipopoa hasira na kuanza kuvaa makoti.

*Baridi Yabisi.* Besi inatangulia, gitaa linafuata kwa mbali kama mkwe. Muimbaji analalamika kwa upole, mtu aliyefungiwa chooni na bado ana adabu zake.

*Kinanda cha Bati.* Wimbi jipya la panki lenyewe! Vinanda vya umeme, ngoma za mashine. Utacheza kwa mabega. Miguu itabaki kushangaa.

*Ile ya Kijivu.* Hiyo

hiyo Mjomba aliisikiliza wiki nzima alipomzika mkewe. Sasa kiharusi kimemlaza. Lakini Jumamosi saa nne redio ikiwashwa, mkono wa kulia unapiga besi juu ya shuka.

Saa moja kwa wiki. Ndiyo hiyo wanayotaka kuifuta.

10.

Saa 4:20. Salamu: tatu. Zote za mama yangu.

11.

Nikaweka Ile ya Kijivu, na

simu.

Simu.

SIMU!

12.

"Nawasalimu wote wa Makorora, hasa Mama Chausiku muuza mbaazi. Ujumbe: gitaa hilo litatuvunja viuno!"

"Mzee Kahawa Chungu hapa, Ngamiani. Nawasalimu mashemeji wa Pongwe. Ujumbe: chakacha hii imetoka nchi gani?"

Chakacha? Ngoma ya kukata viuno?

13.

SHEBUGHE, fundi mitambo: Kombo! Kumi na tisa!
MIMI: Niache nilie.
SHEBUGHE: Lia huku unahesabu.

14.

Saa 4:49. Ujumbe wa Mjomba. Huandika kwa kidole kimoja.

*Inakimbia. Weka 33.*

Nikatazama swichi ya mwendo kwenye mashine ya santuri.

45.

Jana tulipiga santuri ndogo ya taarabu, zile za mwendo wa 45. Hatukuirudisha. Tanga nzima inakata viuno kwa msiba wa Mjomba, ukiwa mbio.

15.

"Ishirini!" Shebughe akaruka.

Bw. Kilua, mlangoni na kikombe chake: "Soma tena. Kamsalimu nani?"

"Mjomba hasalimu, bosi. Ni mtu mzima. Huitikia," nikasema.

"Basi hayo ni malalamiko. Kumi na tisa."

16. KURA YA STUDIO

Shebughe: "Iache ikimbie! Imebaki moja tu, itaingia hata hujapiga chafya. Mjomba utamwomba radhi jioni."

Wewe unayesoma: ______________

17.

Nimebonyeza.

besi
          ikashuka
                    ngazi

na sauti ya yule mwanaume ikarudi, nzito, polepole, kama alivyoimba wiki ile mbele ya mjane mmoja wa kiume kwenye kigoda.

Saa 4:53. Hakuna simu.

Saa 4:55. Hakuna.

"Umekiua kipindi," Shebughe akanong'ona. Lakini kichwa chake kilikuwa kinatikisika chenyewe.

18.

Saa 4:57. Nikafungua maikrofoni. Nikapunguza muziki kidogo, kidogo tu, besi ibaki.

"Mjomba Mwinjuma," nikasema, Tanga nzima ikisikia. "Shikamoo."

19.

Bw. Kilua amevuta kiti: "Ikiitikiwa kabla ya saa tano, naihesabu." Kikombe amekiweka chini.

Kwenye simu yangu: *Mjomba anaandika…*

Saa 4:58.

*anaandika…*

Kidole kimoja. Herufi nane.

Saa 4:59.

*anaan*