Kigingi Nyuma ya Jiko

Asubuhi ile sikukalika. Niliketi kwenye cherehani nikashona mkono wa sare ya shule upande usio wake, nikaufumua, nikaushona tena vilevile. Nje ya dirisha, lori la kuchimbia visima lilikuwa limeshaingiza mkia uani, linaunguruma. Kigingi chekundu kilisimama nyuma ya jiko, pale pale ambapo hakikupaswa kusimama.

Kisima tulikitaka sote, mimi zaidi. Binti yangu alikuwa ametoka kuugua homa ya matumbo, miguu imebaki njiti, na daktari alisema wazi: badilisheni maji. Mume wangu anafanya kazi mji mwingine. Alimtafuta mchimbaji kwa simu, usimamizi akamwachia baba yake. Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Baba mkwe alikuwa bwana afya kabla hajastaafu. Mtaa mzima bado unamwita hivyo, Bwana Afya, na watu wazima wanamkumbuka akiingia nyua za watu na fimbo yake, akifunua mashimo ya vyoo na kufoka. "Choo na kisima havikai jirani!" Watu walimwogopa kuliko polisi.

Mchimbaji, mtu mnene mpole mwenye kofia ya plastiki, alipofika alipapenda mbele ya nyumba, karibu na geti. Mzee akaruka.

"Hapo kuna maua yangu!"

"Maua yatapandwa tena, mzee."

"Na wewe ukikatwa utapandwa tena?"

Basi wakazunguka nyuma. Ardhi tambarare, lori linapita bila shida. Mchimbaji akauliza swali ambalo naamini huuliza kila nyumba. "Huku hakujawahi kuwa na choo cha shimo? Hata cha zamani?"

Mzee alicheka kwa nguvu. "Nyumba ya bwana afya? Hapa choo kimo ndani tangu msingi."

Kigingi kikapigwa nyundo, nami nikisikia yote kutoka dirishani.

Mimi nilipoletwa bibi harusi katika nyumba ile, choo cha shimo nilikikuta pale pale. Mabati matatu na pazia la gunia, kopo linaning'inia msumarini. Bwana Afya, aliyewafokea watu mtaa mzima, kwake alikuwa nacho karibu na jiko. Choo cha ndani kilijengwa baadaye sana. Lile shimo wakalijaza matofali mabovu na takataka, juu wakamwaga mchanga, na tangu siku hiyo hakuna aliyelitaja. Lakini mke wa mtu hamkanushi baba mkwe wake mbele ya mgeni, tena kwa habari za choo! Mzee hajawahi hata kunisikia nikilitamka neno hilo. Nikielekea huko hujifanya natafuta ndala.

Nikaingia jikoni. Mama mkwe alikuwa anachambua mchele, macho kwenye ungo.

"Mama, pale si ndipo palipokuwa na—"

"Nimesikia."

"Sasa mjukuu wako atakunywa nini?"

"Funika kombe mwanaharamu apite, mwanangu. Fundi akishaondoka, tutamwambia mzee polepole."

"Fundi akishaondoka kisima kitakuwa kimeshachimbwa!"

"Kwa hiyo nimvue mume wangu nguo mbele ya watu?" Akachukua chuya moja, akaitazama, akairudisha kwenye mchele safi. Hapo nikajua na yeye roho haijatulia.

Nikampigia mume wangu.

"Mwache baba," akasema. "Mtaalamu ni yeye."

"Wewe hukukulia kwenye choo kile?"

"Si kilifukiwa?"

"Kilifukiwa, hakikuhama!"

Akasema mtandao unasumbua.

Nilirudi kwenye cherehani, nikainuka, nikaenda mlangoni, nikarudi. Nilimkasirikia mzee, nikawakasirikia wote, nikajikasirikia mwenyewe kwa ulimi wangu ulioganda. Uani wakaanza kusimamisha mnara wa mtambo. Ndipo binti yangu akatoka chumbani na kikombe chake cha bati, amekishika kwa mikono miwili.

"Mama, maji yatatoka leo?"

Nilikwenda bafuni, nikachukua kopo, nikalijaza maji. Nikajifunga kanga kiunoni, nikavaa ndala, nikatoka uani nikiwa nimelishika mbele yangu, kila mtu alione.

Baba mkwe alikuwa amekaa kwenye kiti chake karibu na mtambo, fimbo magotini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Akaliona kopo. "Unakwenda wapi na hicho?"

"Samahani sana, baba. Nakwenda pale nilipokuwa nakwenda nilipokuja kwenu."

Nikawapita mafundi wote. Nikafika kwenye kigingi, nikaweka kopo chini kando yake, nikasimama nimewapa mgongo. Aibu ilinichoma hadi kwenye masikio. Nilitamani hilo shimo lifumuke linimeze, lakini sikuondoka.

Mchimbaji akazima injini. Nilimsikia mama mkwe akiweka ungo chini, jikoni. Nikageuza shingo kidogo. Mzee hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anamtazama mjukuu wake, aliyesimama mlangoni na kikombe kitupu, akingoja.

Akajikohoza. Akasimama, akaiegemea fimbo.

"Fundi, peleka lori mbele."

"Mbele si kuna maua, mzee?"

"Maua yatapandwa tena."

Mchimbaji akavua kofia, akakuna kichwa, akanitazama mimi, kopo na kigingi. "Na huku je? Ulisema huku hakuna tatizo."

Baba mkwe akaipiga ardhi kwa fimbo, na sauti iliyomtoka ilikuwa ile ya zamani, ya kufokea watu uani kwao.

"Wewe huna adabu? Huoni kuna mtu chooni?"