Redio Iliyoelekezwa Kibla

"Wewe Shamsia, na redio nayo umeikalisha eda?"

Johari, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, alimuuliza hivyo siku moja alipomletea maji, na Shamsia akacheka kwa mara ya kwanza tangu mumewe Hemedy azikwe. Redio ilikuwa kimya kweli. Yaani si kimya hasa, ilikuwa ikikoroma. Kila ukiiwasha ilitoa mlio kama wa dagaa wanaokaangwa, na ndani kabisa ya mlio huo, mbali, palikuwa na mtu anasoma. Ukimtegea sikio unamkosa, ukijisahau unamsikia.

Hemedy alikuwa akiikamata idhaa hiyo kila siku baada ya magharibi, kwenye mawimbi ya kati. Ilitoka ng'ambo huko, jua linakochomoza. Nchi gani, hakuwahi kumwambia mkewe, na mkewe hakuuliza. Ilikuwa sauti ya mzee mmoja akisoma Kurani polepole, nao wakikaa mkekani bila kusemezana mpaka isha. Ungemuuliza Shamsia ni wapi alipomzoea mumewe, angekuonyesha mkeka ule.

Sasa shemeji yake Mtoro alikuwa ametuma neno kutoka Mchukwi. Redio ile waliinunua pamoja, yeye na marehemu kaka yake, zamani walipokuwa wakikata boriti kule Delta na kulala kambini kwenye mikoko. Alisema, wala hakusema kwa ubaya, kwamba kitu kikishakuwa bubu hakimfai mtu. Akija kwenye khitma ya arobaini ataichukua, ampelekee fundi wa Kibiti aing'oe spika. Kama itakuwa inasema, basi, ibaki na shemeji yake.

Shamsia alijibu kwamba amesikia. Usiku ule hakula.

Mwanamke aliye edani hatoki ovyo, kwa hiyo kazi yote aliifanya mle mle ndani, kwa kukumbuka. Alikaa akafumba macho, akamwangalia Hemedy kama alivyokuwa akimwangalia siku zote, yeye akiwa na ukili wake wa mkeka mkononi na mume akiwa na redio yake. Akamwona anazima taa ya sola kabla ya kuwasha redio. Miaka yote alidhani ni ubahili. Basi naye akaizima, akachomoa na kile kisanduku chake cha kuchajia, akawasha kibatari. Mlio ukapungua, kana kwamba mgomvi mmoja ametoka nje na maneno yake.

Hemedy alipenda kusimulia habari za kambini: waya mrefu juu ya mkoko, ncha yake ya pili topeni. Redio, alisema, inataka kichwa kiwe hewani na mguu uwe majini. Lakini tope la ndani ya nyumba liko wapi? Shamsia alizunguka na kibatari chake mpaka akafika penye mtungi. Ardhi ya chini yake haikauki, iwe kiangazi iwe masika. Akachomeka hapo spoku ya baiskeli. Akatafuta waya mrefu, akaufunga kwenye spoku, akauzungusha kwenye redio mara kadhaa, kisha akampa Johari ncha iliyobaki kupitia dirishani akaifunge juu ya mnazi.

Johari aliufunga, akauliza kama nguo za kuanika zinaruhusiwa kwenye waya huo. Jioni alirudi kusikiliza. Mzee alikuwa amesogea kweli, ila alikuwa akija na kurudi, sauti yake ikizama na kuibuka.

"Huyu shehe wako ana mafua," alisema Johari, akaenda zake kupika.

Kitu kimoja tu Shamsia hakukibadilisha. Siku ya maziko aliiweka redio juu ya meza ndogo kando ya mswala wake, uso umeelekea kibla, na haikuondoka hapo tena. Kitu kinachotoa maneno ya Mwenyezi Mungu utakigeuzaje kisogo? Wanawake wa msibani walimsifu kwa hilo. Kila asubuhi aliipangusa vumbi kwa ncha ya kanga, na hakuisogeza hata kidogo.

Siku ya khitma wanaume walisoma barazani, wakala ubwabwa, wakatawanyika. Mtoro alibaki. Alipomaliza kuswali magharibi aliketi ukumbini na mfuko wake wa kubebea, na Shamsia akawa chumbani, pazia katikati yao kama inavyotakiwa.

"Shemeji," Mtoro aliita kwa upole, "nisije nikakosa gari."

Shamsia akamwomba asubiri kidogo tu.

"Nisubiri, itasema nini ambacho haikusema?"

Shamsia aliisogelea redio. Aliwasha. Mlio ukajaa chumba, na mzee akawa humo, chini, kama mtu anayesoma ndani ya kisima. Shamsia aliitazama redio, na badala ya redio akaiona mikono ya Hemedy. Hemedy aliishika redio huku na huku, akiigeuza taratibu, taratibu, kisha akaacha, na uso wa redio ulikuwa umemwelekea yeye Shamsia, kwenye nafasi yake ya siku zote upande wa mashariki wa mkeka. Siku zote Shamsia alidhani anageuziwa yeye, kumbe redio ilifuata idhaa kule jua linakochomoza.

Akaweka mkono juu yake na mkono ukasita. Kisha akajiambia kuwa kibla ni cha anayeswali, na redio haiswali. Akasema bismillahi, akaigeuza iangalie mashariki.

Mlio ulikonda, ukakatika. Mzee akaingia. Hakuja kwa kelele, alikuja kwa kuwa karibu tu, mpaka ikasikika pumzi anayovuta baina ya aya na aya. Chumba kilionekana kupanuka, ukuta wa udongo ukawa kama haupo, na kibatari kikawa mbali kama taa ya watu wengine ng'ambo ya mto. Shamsia hakujua amekaa muda gani. Alipokumbuka kuwa ana mgeni, aliona chini ya pazia miguu ya Mtoro imetulia.

"Ndiye yule yule," Mtoro alisema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Kaka alikuwa akiniamsha kwa ajili yake. Nami nikimtukana, nataka kulala."

"Alinihadithia," alisema Shamsia.

Mzee alisoma mpaka mwisho wa sura, akanyamaza. Ile miguu ikatafuta kandambili, ikazipata. Mtoro aliuokota mfuko wake, akaukunja ukiwa mtupu, akautia kwapani, akatoka.