Jora la Marekani

Hadija alirudi kutoka shule viganja vimemvimba, hata kata ya maji haishikiki. Bibi yake, Bi Mwanahawa, alikuwa uani akimenya mihogo. Akakiweka kisu chini.

"Nani?"

"Mwalimu mkuu."

"Kosa gani?"

"Utoro." Mtoto akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne.

Kisomo cha jioni kilikuwa kimemfikisha Bi Mwanahawa kwenye kusoma kwa kidole. Akasoma. Hadija Mussa, darasa la saba, hukosa shule siku tatu au nne kila mwezi bila sababu. Jina lake litafutwa katika orodha ya mtihani. Mlezi afike mbele ya kamati ya shule Jumamosi.

"Bila sababu?" Bi Mwanahawa akanyanyuka. "Huna mdomo? Kwa nini hukumweleza?"

"Nimweleze nini, bibi?" Hadija hakuwa na desturi ya kumkazia macho, lakini siku ile alimkazia. "Wewe mwenyewe ulituapisha. Ulisema mwali anayetaja damu mbele ya mwanamume amemvua nguo mama yake. Nimepigwa sita, sikutaja. Nimetunza."

Bi Mwanahawa akarudi kukaa kwenye kinu kilicholazwa.

Miaka ishirini alikuwa kungwi, na nusu ya wanawake wa kijiji kile, nyuma ya Mikindani, walipita mikononi mwake. Aliwafundisha kukunja kaniki, kufua kabla watu hawajaamka, kuanika chini ya nguo nyingine jua lipite lakini jicho lisipite. Hakuwafundisha kukaa kwenye dawati tangu saa mbili hadi saa nane wakiwa na vipande viwili tu, kimoja mwilini na kingine kibichi kambani. Na mwaka ule, mwaka sabini na nne, kitambaa kilikuwa cha foleni. Ukifika mbele, kimekwisha. Mwezi wa tano Hadija alivujiwa darasani. Wavulana wakamwita "mchinja kuku", na akarudi nyumbani daftari kalishikilia nyuma ya sketi, maili mbili.

Hasira ya Bi Mwanahawa ilitoka ikaelekea shuleni. Ilipofika njia panda ikageuka, ikarudi kumkuta pale pale kwenye kinu.

Ijumaa alikamata kuku wawili, akawafunga miguu, akaenda nao kwa Bi Halima, mkubwa wa makungwi wote wa upande ule.

"Kuku wa nini hawa?"

"Faini."

"Umefanya nini?"

"Bado. Kesho ndiyo nafanya. Nimetangulia kulipa."

Bi Halima aliwatazama kuku, kisha akamtazama mwenzake. "Utataja? Mbele ya wanaume?"

"Nitataja."

"Basi hawatoshi. Ongeza jogoo."

"Jogoo nitamleta mtoto akishafanya mtihani," akasema Bi Mwanahawa, na akaondoka bila kunywa hata maji.

Kamati ilikutana katika chumba cha darasa la tano. Wanaume wanne, na Mwalimu Magreth, mwalimu mwanamke pekee wa shule, akiandika yanayosemwa. Mezani palikuwa na jora zima la kitambaa cha marekani, jeupe pee, limeletwa kwa ajili ya kumpokea mgeni rasmi kutoka mkoani. Bi Mwanahawa alikaa kwenye benchi akasikiliza, saa nzima, namna kitambaa kitakavyofungwa kwenye kila mkorosho tangu barabarani mpaka jukwaani, na kama vifundo viwe vikubwa au vidogo.

Ndipo mwalimu mkuu, Josephu, akafika kwenye utoro.

"Haya, mama. Una la kusema?"

"Ninalo. Hadija si mtoro. Hadija huingia mwezini. Anatoka damu, kama mama yako alivyotoka, na hana kitambaa cha kuizuia."

Mmoja akakohoa. Mwingine akaanza kutafuta kalamu aliyokuwa ameishika. Mwenyekiti, Mzee Mohamedi, akainua mikono miwili.

"Astaghafirullah! Bi Mwanahawa! Hayo yana pahala pake!"

"Pahala pake wapi, mwenyekiti? Nimeyaficha unyagoni miaka ishirini. Yamemfuata ntoto mpaka kwenye fimbo." Akiwaka, Kimakonde kilimpanda ulimini, na hakujali. "Leo pahala pake ni hapa."

"Mwalimu Magreth, usiandike hayo," akasema Josephu. "Mama, shule haina fungu la mambo ya binafsi."

"Ahaa. Damu ndiyo ya binafsi. Na fimbo? Fimbo ilikuwa ya nani?"

Magreth hakuacha kuandika. "Mwalimu mkuu," akasema, "buku la mahudhurio ninalo. Wasichana kumi na wanne, la sita na la saba. Kila mmoja hukosa siku tatu, nne za mwezi, kama yeye. Ukimfuta Hadija, wafute wote."

"Ulikuwa unajua?" akauliza Josephu.

"Najua. Mimi hununua pamba yangu mjini, Chikongola, dukani kwa Hussainali, nikanyamaza. Nisamehe, mama." Hakumtazama Josephu. Aliyemwomba radhi alikuwa Bi Mwanahawa.

Lakini Bi Mwanahawa alikuwa ameshamgeukia Mzee Mohamedi, ambaye ndiye aliyekuwa akiosha maiti na kutunza sanda za msikiti.

"Mohamedi. Mtu akifa leo, sanda inatoka wapi?"

"Kwenye sanduku la msikiti. Unajua."

"Mnamuuliza maiti kama analo fungu?"

"Sanda ni haki ya kila mtu."

"Haki! Aliyekwisha kufa, asiyekwenda popote, hupewa kitambaa cheupe, bure, siku hiyo hiyo. Huyu aliye hai, anayetaka kwenda kwenye mtihani, anapewa fimbo. Basi tungoje afe, ndipo mumpe?"

Bi Mwanahawa akaenda mezani, akalikunjua jora, akapima kwa mkono tangu kiwiko mpaka ncha ya kidole, mara nyingi, akang'ata ukingo kwa meno, akavuta. Marekani mpya ikichanika hulia. Ililia chumba kizima.

"Kitambaa cha mgeni!" Josephu akasimama.

"Mgeni wako atakaa nusu saa, atakula pilau, ataondoka. Hawa wako hapa mwaka mzima." Akachana tena. "Nishike basi. Nishike mkono, mwalimu. Nipige sita."

Josephu hakumshika. Akamtazama mwenyekiti, na mwenyekiti alikuwa ametazama makuti ya paa kana kwamba anayahesabu. Aibu ile ile iliyowafunga mabinti midomo sasa iliwakaa wao shingoni, na hawakuizoea.

"Mrudishe mtoto kwenye orodha," akasema Mzee Mohamedi bila kushusha macho. "Mrudishe, jamani, tutoke humu."

Josephu akaandika jina. Bi Mwanahawa alilifuata kwa kidole, herufi kwa herufi, kisha akakwapua nusu ya jora na kutoka.

Yeye na Magreth walikata, wakakunja pindo, wakajaza sanduku la majani ya chai, wakaliweka nyuma ya mlango wa chumba cha ushonaji. Magreth alitaka mabinti wawe wanaomba kwanza. "Waombe nini?" akafoka Bi Mwanahawa. "Anayehitaji afunue, achukue, arudi darasani."

Mgeni rasmi alifika wiki ya tatu. Mikorosho ilivaa vifundo vyeupe tangu barabarani, mmoja, wa pili, mpaka wa saba. Baada ya hapo ilisimama uchi mpaka jukwaani. Hadija alikuwa mstari wa mbele wa darasa la saba. Ilikuwa siku yake ya pili mwezini, na amesimama wima, mikono mbele.

Mgeni akapunguza mwendo. "Mapambo yenu yameishia njiani, mwalimu?"

"Kitambaa hakikutosha, ndugu mgeni rasmi," akasema Josephu.

"Kilitosha!"

Sauti ilitoka upande wa akina mama. Vigelegele vikakatika. Bi Halima, aliyekuwa pembeni, akafumba macho. Bi Mwanahawa akasogea mbele. Asubuhi ile alikuwa amelifunua lile sanduku, akakuta limebaki robo, na mtihani bado uko mbali, na baada ya mtihani kuna wadogo wa darasa la sita.

"Unasemaje, mama?" mgeni akauliza.

"Nasema kilitosha. Tena kinatakiwa kingine. Muulize mwalimu kile kimekwenda wapi, na kina kazi gani."

Mgeni akamgeukia Josephu.

"Sema," akasema Bi Mwanahawa. "Mimi nimeshalipa faini. Leo zamu yako kutaja."