Chupa Kwenye Mahafali

Mwalimu Edina alishamwambia Bwana Fidelis, mwenye kituo cha Kiingereza pale Nachingwea, kwamba watoto wale hawajui kusoma. Fidelis akamjibu kwamba mzazi halipii kisichosikika. Mzazi anataka mwanawe ashike kipaza sauti, aporomoshe Kiingereza, majirani wabaki midomo wazi. Basi vitabu vikafungiwa kabatini, na kwa miezi mitatu watoto waliomaliza darasa la saba wakakaririshwa hotuba kama kasuku. Aliyewakaririsha ni Edina mwenyewe. Ajira ya ualimu hakuwa amepata, na mtaka cha mvunguni huinama. Aliinama, na kila jioni alijichukia.

Siku ya mahafali Fidelis alialika na wazazi wa Ruangwa, maana ndiko alikotaka kufungua tawi. Zulfa, binti wa Mzee Masoudi wa Mbekenyera, aliwekwa wa mwisho kwa sababu ya sauti yake. Akaimwaga hotuba bila kukwama. Mzee Masoudi, aliyeuza ufuta wake wote ili binti asome hapo, alifuta machozi mbele za watu wala hakuona haya.

Kisha akasimama, akatoa chupa kwenye kapu. Ilikuwa dawa ya magugu, aliyoinunua asubuhi ile dukani. Mvua zimeanza, alisema, na maandishi yote ni ya Kiingereza, ila sasa nyumbani kwake kuna msomi. Akamwomba binti awasomee wote. Fidelis akainua simu yake kurekodi.

Zulfa aliitazama chupa, na Edina akaona midomo yake ikitafuta pa kushika. Halafu mtoto akafanya kile alichofundishwa kufanya mbele ya watu: akaanza hotuba yake upya, macho yakiwa kwenye chupa. Vigelegele vikapasua hema. Wazazi wale wangejuaje? Walikuwa wamelipa ili mtu mwingine ajue kwa niaba yao.

"Sasa vifuniko vingapi vya dawa kwa bomba moja la kupulizia, mwanangu?" aliuliza Mzee Masoudi.

"Vitano, baba."

Hasira ilimpanda Edina mpaka masikio yakaziba. Akaenda mbele, akaichukua chupa, akayasoma maandishi.

"Ni kimoja, mzee wangu," alisema. "Vitano vingeunguza shamba zima. Zulfa hakusoma chupa, amerudia hotuba. Na kosa si lake. Mimi sikumfundisha kusoma."

Mzee Masoudi akamgeukia binti, akamuuliza taratibu maneno yale aliyoyasema yana maana gani. Zulfa akajibu kwamba hajui, aliambiwa ayashike tu. Mzee akairudisha chupa kwenye kapu, wakaondoka bila kugusa pilau.

Edina alifukuzwa kazi nyuma ya hema, masufuria yakiwa bado motoni. Fidelis hakukana hata neno moja.

"Huo ukweli wako, mwalimu, unamlipia nani pango?" alimuuliza tu.

Wiki mbili baadaye Edina alikwenda Ruangwa kutafuta kazi. Akaliona bango mbele ya mlango wa tawi jipya. Pale juu palikuwa na picha ya Zulfa siku ya mahafali, chupa mkononi, na chini yake pameandikwa kwamba kwa miezi mitatu tu mwanao atasoma chochote. Watu wengine hawana haya, kweli. Mtu kauchukua uongo uliomuumbua, kautia rangi, kautundika barabarani auze tena.

Alikuwa anasogea alichane ndipo akawaona. Chini ya bango, Mzee Masoudi alikuwa ameketi kwenye kigoda, Zulfa ubavuni mwake, chupa miguuni. Mama mmoja alikuwa akifungua fundo la kanga, tayari kuingia kulipa. Mzee akamwamkia kwa heshima, akamwonyesha picha, akamwonyesha binti, akamwomba amuulize mwenyewe.

"Sikuisoma," Zulfa alisema. Sauti ile ya mahafali haikuwepo. "Hata sasa siwezi."

Mama yule akafunga fundo lake, akaondoka. Fidelis akatoka ndani mbio, kitabu cha risiti mkononi, akamtaka mzee aondoke mlangoni kwake.

"Nililipia mwanangu asome," alisema Mzee Masoudi. "Nitakaa hapa mpaka asome."

Edina alivuka barabara, akaketi chini karibu na Zulfa. Akaiokota chupa, akaweka kidole kwenye neno la kwanza.